Dawa ya Wodi ya Wazazi na Maumivu ya Upasuaji

Upasuaji wa kizazi kwa njia ya matundu madogo tumboni huacha makovu madogo, lakini haukosi maumivu. Tumbo hujazwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili daktari apate kuona. Mabaki yake huchokoza kiwambo kilicho chini ya mapafu, hata mgonjwa akasikia maumivu begani. Kumwambia mama avumilie tu si tiba.

Katika wodi za wazazi imo dawa ya bei nafuu, magnesiamu salfeti. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2002 ulithibitisha kwamba hupunguza kwa nusu hatari ya kifafa cha mimba. Dawa hiyo hiyo huzuia mishipa ya fahamu isikuze maumivu. Ikitiwa mshipani polepole wakati wa upasuaji, hupunguza haja ya mofini baadaye, ingawa haishiki nafasi ya dawa nyingine za maumivu.

Hata hivyo, ikizidi hulegeza misuli na kudhoofisha pumzi, hasa kwa mwenye figo mbovu. Kwa hiyo wauguzi hawana budi kuhesabu pumzi, kupima mkojo, na kuangalia kama mguu huruka goti linapogongwa. Nayo kalsiamu glukoneti, dawa ya kuizimua, iwe karibu. Unafuu wa bei hauondoi wajibu wa kumlinda mgonjwa.