Niliwacheka watazama ndege, Trinidad nikaufyata!

MSOMAJI wangu, kama na wewe unaamini kutazama ndege ni kazi ya wazee wa Kizungu wenye kofia pana na soksi za magotini, usijali, tulikuwa wengi. Nilipotua Trinidad, akili yangu yote ilikuwa kwenye muziki wa soca na kujirusha. Mwenyeji wangu aliponiambia jioni tunakwenda kuangalia ndege, nilicheka.

"Ndege nawajua, bwana!"

"Twende tu," akasema.

Tukatoka Port of Spain kuelekea kusini, na muda si mrefu tukafika kinamasi cha Caroni. Ilikuwa saa kumi jioni. Nimepiga shati jeupe, manukato ile mbaya. Mbu wakashangilia! Mzee mwenye boti akanitazama juu mpaka chini, asiseme kitu.

Boti ikajipenyeza kwenye mikoko polepole. Kaa wanapanda mizizi, na juu ya tawi nyoka kajiviringisha kama kata ya kubebea ndoo. Nikaanza kujutia disko nililoliacha mjini.

Kisha mzee akazima injini. Kimya. Akaja ndege mmoja, wawili, halafu kundi zima. Ni kwarara, lakini wekundu kama pilipili iliyoiva! Wanarudi kulala. Wakatua, wakatua, mpaka kile kisiwa cha mikoko kikawa kama mkrismasi uliochanua Desemba. Sio siri, niliufyata.

Wekundu ule hawazaliwi nao. Makinda wana rangi ya kahawia. Wanaipata kwa kula kaa na kamba wa kinamasini. Ukimfungia mmoja ukamnyima chakula cha aina hiyo, rangi inapauka.

Nikamnong'oneza mzee, "Hawa wanaliwa?"

Akakaa kimya kidogo. "Ujanani nimewala sana. Kwenye sherehe nyama yake ilikuwa ya wakubwa."

Na hapo ndipo penye kasheshe. Trinidad na Tobago ilipopata uhuru mwaka 1962, ilimweka kwarara mwekundu kwenye nembo ya taifa, pamoja na cocrico, ndege wa Tobago. Lakini majangili hawakujali nembo. Faini ya zamani ilikuwa dola 1,000 za huko, pesa ambayo mtu mwenye sherehe analipa huku anacheka. Mwaka 2018 serikali ikamtangaza kuwa kiumbe wa kulindwa maalumu: ukimuua, faini ni dola 100,000 na jela miaka miwili. Hapo kicheko kikakata.

"Ukimuua ni mlo mmoja," mzee akaniambia akiwasha injini. "Akiwa hai, analisha wanangu kila jioni."

Sikuwa na la kujibu. Giza likaingia, nikiwa nimevimba mikono kwa mbu, na disko nikalisahau kabisa.

Haya, siku ukijaliwa kufika huko, sikiliza ya aliyeumwa: vaa mikono mirefu, acha manukato hotelini, na chukua darubini, maana boti hukaa mbali ili ndege wasishtuke. Na yule atakayekualika kuangalia ndege, usimcheke. Mimi nilicheka, aibu ikawa yangu!