Ndege Zisizo na Rubani Zafundishwa Lugha Moja

Wiki iliyopita, mara baada ya taarifa ya habari, jirani yangu alinisimamisha barazani akaniuliza swali ambalo nilishindwa kulijibu palepale. "Bwana wee," alisema, "jeshi likiwa na ndege zisizo na rubani kutoka viwanda vitano mbalimbali, zote zinaendeshwa kwa chombo kimoja, au kila moja ina chake?" Swali hilo naona linawahusu wengi, kwa hiyo leo nakuletea msikilizaji yale niliyomjibu siku ya pili yake.

Ingia sebule yoyote yenye televisheni. Mezani utakuta rimoti ya televisheni, ya king'amuzi na ya deki, na ile unayoitaka ndiyo iliyoingia chini ya kochi. Kila moja hutoa ishara zake, na televisheni haielewi lugha ya king'amuzi. Majeshi makubwa yaliishi na tabu hiyohiyo kwa miaka mingi, ila rimoti yao ilikuwa chumba kizima, wakati mwingine chenye ukubwa wa kontena la kuvutwa na lori.

Ndege isiyo na rubani hainunuliwi peke yake. Kiwanda huuza ndege, kamera, antena, mawimbi ya redio yatakayotumika, na hicho chumba cha kuiendeshea, vyote kwa pamoja. Zamani hilo halikuwa tatizo. Mwaka 1991, katika vita vya Ghuba, wanajeshi wa Iraq katika kisiwa cha Faylaka waliiona ndege ndogo iitwayo Pioneer ikizunguka juu yao, wakajua mizinga ya manowari itafuata, wakaipungia vitambaa vyeupe. Mwaka 1995 ndege za Predator ziliruka kutoka Gjadër, Albania, kuchungulia vita vya Bosnia. Zilikuwa chache, na kila moja na watu wake. Zilipoanza kujaa angani Afghanistan na Iraq baada ya mwaka 2001, ndipo ilipoonekana kwamba jeshi moja lina macho mengi yasiyoambizana lililoona.

Aliyeumia kwanza ni askari wa chini. Ndege inapita juu ya kichwa chake, inaona nyuma ya kilima anachokiogopa, lakini picha zinakwenda kwa maofisa walio mbali, yeye anasubiri kusimuliwa. Kuanzia mwaka 2002 Wamarekani walianza kutumia kipokezi kiitwacho ROVER, kinachomwezesha aliye vitani kuitazama picha ileile kwenye kompyuta yake. Kilipendwa sana. Lakini picha ikirushwa ili mwenzako aipokee kwa urahisi, na adui naye anaweza kuipokea. Mwezi Desemba 2009 iliripotiwa kwamba wapiganaji nchini Iraq walikuwa wakinasa picha za Predator kwa programu ya kompyuta ya dola 26 hivi, kwa kuwa picha hizo hazikuwa zimefungwa kwa siri.

Huku nyuma wataalamu wa nchi za NATO walikuwa wamekaa mezani, wakaandika kanuni waliyoipa namba 4586. Uelewano wameugawa katika ngazi tano. Ngazi ya kwanza, unapata habari kupitia kwa mtu mwingine, kama wewe unavyosikiliza mpira redioni. Ya pili, unapokea picha mwenyewe moja kwa moja kutoka kwenye ndege. Ya tatu, unaruhusiwa kuigeuza kamera utakako. Ya nne, unaiendesha ndege ikiwa angani, lakini kuirusha na kuitua ni kazi ya wenyewe. Ya tano, yote ni yako.

Ili ndege ya kiwanda kimoja ielewane na kituo cha kiwanda kingine, kanuni inataka pawepo mkalimani, yaani programu ya kutafsiri amri za kawaida kuwa lugha ya ndege husika. Mwenye kiwanda hakulazimishwa kuivunja ndege yake na kuijenga upya. Hapo walitumia busara. Lakini waliacha pia mlango wa uani: kanuni inaruhusu ujumbe wa faragha kati ya ndege na kituo cha mtengenezaji wake. Mfanyabiashara akipewa nafasi ya kuweka siri, ataweka. Kwa hiyo ndege mbili zaweza kuwa zimefuata kanuni hiyo zote mbili, na bado zisielewane kikamilifu.

Mwaka 2011 ulionyesha kwa nini jambo hili si la mafundi tu. Tarehe 6 Aprili, huko Sangin katika mkoa wa Helmand, Afghanistan, kombora la Predator liliwaua askari wawili wa Marekani, mmoja wao tabibu. Walidhaniwa kuwa ni adui. Wachambuzi waliokuwa wakiitazama picha hiyohiyo kutoka Indiana walikuwa na shaka, lakini rubani hakuijua shaka yao, wala maofisa waliokuwa Sangin. Mwezi Agosti mwaka huohuo, ndege ya Shadow isiyo na rubani iligongana na ndege kubwa ya mizigo, C-130, katika anga ya nchi hiyohiyo. C-130 ilitua salama.

Mwezi Septemba 2011 jeshi la nchi kavu la Marekani lilifanya jaribio kubwa katika jangwa la Dugway, jimbo la Utah. Waliliita MUSIC, kwa kifupisho cha maneno yao, na nadhani jina halikuja kwa bahati. Kituo kimoja cha ardhini kiliendesha ndege za aina tatu: Gray Eagle, Hunter na Shadow. Kituo kingine kidogo kiliongoza Raven, ambayo askari huirusha kwa mkono kama anavyorusha jiwe, na dada yake mkubwa, Puma. Helikopta zenye marubani zilikuwemo pia, Apache na Kiowa Warrior, zikibadilishana picha na wenzao wa ardhini.

Lililonivutia zaidi ni Gray Eagle moja iliyofungwa kamera tatu, moja puani na moja chini ya kila bawa. Wa kituoni alitazama kwake, wa kwenye Apache aliweza kugeuza kamera nyingine, na askari wa chini, mwenye kipokezi kilichoboreshwa, ya tatu. Punda mmoja, wapandaji watatu, na kila mmoja anatazama upande wake!

Tangu hapo majaribio yamekwenda mbali. Oktoba 2016, huko China Lake, California, ndege tatu za kivita ziliangusha vindege 103 viitwavyo Perdix, vikaruka kama kundi la kwelea. Tusishangae mno, maana hao ni ndugu wa tumbo moja, na kuelewana kwao ni jambo jepesi. Kigumu zaidi ni kile kilichojaribiwa katika uwanja wa Yuma, Arizona, mwaka 2018, katika mradi uitwao CODE. Pale ndege halisi zilichanganywa na nyingine zilizokuwa ndani ya kompyuta tu, mawasiliano yakabanwa kwa makusudi, nazo zikaachwa zigawane kazi zenyewe: wewe tazama huku, mimi nakwenda kule. Binadamu akabaki msimamizi.

Na Ukraine, tangu mwaka 2022, imelazimika kuufanya mtihani huu bila uwanja wa majaribio. Ndege zake zinatoka karakana nyingi ajabu, kila moja na mawimbi yake, na wameunda mfumo uitwao Delta wa kukusanya yaliyoonekana na kuyaweka kwenye ramani moja.

Jirani yangu alisikiliza yote hayo, kisha akauliza la pili. Kama mmoja anairusha ndege, mwingine anaiendesha, wa tatu anageuza kamera na wa nne anaamuru kombora, ikiua asiyestahili tumshike nani? Nilimweleza kwamba baada ya vifo vya Sangin uchunguzi wa jeshi lenyewe ulitaja mawasiliano mabovu na kukosekana kwa picha ya pamoja ya hali ilivyokuwa. Ulipendekeza baadhi waonywe. Mwenye hatia ya uzembe haukumpata hata mmoja.