Mtoto Aliyeshindwa Shuleni

Mtoto akirudi nyumbani bila cheti, baba mwingine humwambia mbele ya wageni: «Wewe umekwisha potea.» Wazazi wakristu, tusinene hivyo.

Isidori Bakanja, aliyetangazwa Mwenye Heri mwaka 1994, alikuwa msaidizi wa waashi huko Mbandaka. Kalamu ya karani hakuishika. Alibatizwa tarehe 6 Mei 1906, kisha akawafundisha sala watumishi wenzake katika shamba la Ikili. Alipigwa vikali kwa ajili ya skapulari yake, akafa tarehe 15 Agosti 1909, amekwisha kumsamehe aliyempiga.

Lakini msiseme kwamba hakufundishwa! Waashi walimfundisha kazi, wakristu wakamfundisha katekismu. Na huyo mwanao, tangu atoke shuleni, nani amfundisha?