Mashini ya upepo: tuisimike wapi?

Ndugu viongozi na familia mliohamishwa, watu wakitafuta mwanga wa usiku na umeme wa kuchaji simu, wengine hupendekeza mashini ya upepo. Tunaeleza hapa namna ya kuchagua mahali pake.

Kwanza upepo wenyewe. Mwendo wake ukiongezeka mara 2, nguvu yake huongezeka mara 8. Mashini ndogo nyingi hazizunguki mpaka upepo ufikie karibu mita 3 kwa sekunde, na ili zilete faida unatakiwa wastani wa mita 4 au 5 kwa mwaka mzima. Msikubali mtu apime siku moja ya dhoruba akasema panatosha! Kipimo kikae juu ya mti mrefu miezi 12, kipite majira ya mvua na kiangazi. Waulizeni pia wazee wanaolima hapo ni kilima gani ambako miti imeinama upande mmoja.

Nyumba na miti huvuruga upepo. Kwa hiyo mabawa yapite kwa mita 10 hivi kitu chochote kilicho ndani ya mita 100. Mlingoti ukianguka, uanguke pasipo na hema. Lakini usiwe mbali mno, maana waya mrefu hupoteza umeme.

Sasa, kilima kizuri kina wenyewe. Kwa sheria ya Kongo ya 1973 ardhi ni mali ya serikali, lakini kilima hicho ni malisho ya mtu, shamba la ukoo, ama makaburi. Tazameni Kenya, karibu na Ziwa Turkana. Upepo wa huko ni mkali sana, na mitambo 365 ilisimikwa. Wenyeji wa Marsabit walikwenda mahakamani mwaka 2014 kudai ardhi yao, na mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo hazikutolewa kwa kufuata sheria. Upepo ulikuwepo, mapatano na wenyeji ndiyo yalipungua.

Basi kabla ya kuchimba shimo, iteni chifu wa kijiji, mwenye shamba, mama wanaokata kuni huko na vijana wachungaji. Ulizaneni: wenyeji nao watapata umeme? Mkirudi kwenu, mashini itabaki ya nani? Andikeni majibu, kila upande ushike karatasi yake.

Sehemu nyingi za Kongo zina upepo mdogo. Kipimo kikionyesha chini ya mita 4, sisi tunashauri paneli za jua, ambazo hufungwa hata juu ya paa la shule.