Milango Miwili ya Folda ya Ofisi
Katika ofisi za Shinyanga na Geita, mtumishi anayenyimwa folda iliyomo kwenye seva, yaani kompyuta inayowahifadhia wote mafaili, huenda akailaumu nywila yake, ilhali katika mfumo wa Windows kizuizi huweza kuwa kwenye mlango wowote kati ya miwili: ruhusa ya kuifikia folda kupitia mtandao, na ruhusa ya folda yenyewe ndani ya diski. Iliyo finyu zaidi ndiyo hutawala. Aliyeongezwa karibuni katika kundi lenye ruhusa, kama la wahasibu, hana budi kutoka kwenye kompyuta na kuingia upya, kwa kuwa uanachama husomwa wakati wa kuingia. Kumfungulia kila mtu folda ya mishahara ili kumaliza usumbufu ni kosa kubwa, sawa na kuiacha wazi masijala ya siri. Tangu Mei 2023 taarifa za mishahara ya watumishi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.