Bakteria Walao Mafuta

Mtu akipita mwaloni Kirumba ataona mahali pengine juu ya maji utando wenye rangi kama za upinde wa mvua. Huo ni oili na dizeli itokayo katika mashine za mitumbwi. Wako wasemao ya kuwa haidhuru, ziwa ni kubwa, litajisafisha lenyewe. Napenda kuwaeleza wasomaji jinsi ziwa linavyojisafisha, na mahali nguvu zake zinapokoma.

Ndani ya maji na udongo wamo bakteria, viumbe wadogo wasioonekana ila kwa hadubini. Baadhi yao, kama wale wa jamii ya Pseudomonas, hula mafuta. Huyavunja kwa vimeng'enya vyao, wakapata nguvu, na mwisho hubaki maji na hewa ya kaboni dioksidi. Lakini kama vile mtu asivyoweza kuishi kwa ugali mtupu, bakteria nao huhitaji vitu vingine: oksijeni, naitrojeni na fosforasi.

Mwaka 1988 tangi lilitoboka Mombasa, mafuta ghafi yakaingia mkono wa bahari wa Makupa na kuua mikoko. Katika tope la mikoko hewa ni haba, kwa hiyo bakteria hufanya kazi polepole mno.

Mwaka 1989 meli Exxon Valdez ilipasuka huko Alaska, Marekani, ikamwaga lita karibu milioni 40. Wataalamu walinyunyizia mbolea ufukweni ili kuwalisha bakteria waliokuwapo, na mafuta yakaoza upesi zaidi. Hata hivyo, chini ya mawe, pasipo hewa ya kutosha, mengine yalidumu miaka mingi.

Je, nasi tumwage mbolea ziwani? Hasha! Naitrojeni na fosforasi ndizo chakula cha magugu maji, yaliyotufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuwasumbua wavuvi. Tungeponya kidonda kimoja na kufungua kingine. Tena oili chafu ina madini kama zinki, na hakuna bakteria awezaye kuyaozesha madini. Nasi watu wa Mwanza maji ya ziwa hili ndiyo tunayokunywa.

Basi, nionavyo mimi, wenye mitumbwi na mafundi wa mashine waitie oili chafu katika dumu, wala wasiimwage ufukweni. Bakteria ni watumishi wema, lakini tusiwatwike mzigo wasioweza kuuchukua.