MZEE WA MWAKA JANA SIYE MZEE WA LEO

Somo: Matendo ya Mitume 6:1–7, 1 Timoteo 5:3–16

Katika kanisa la kwanza huko Yerusalema kulitokea manung'uniko. Chakula kiligawanywa kila siku, lakini wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walisahauliwa. Mitume hawakuwakemea wenye kulalamika. Waliita waamini wote, nao wakachagua watu 7 wenye ushuhuda mzuri, waliojaa Roho na hekima. Majina ya hao 7 yote ni ya Kiyunani. Chakula kilikuwa kikigawanywa tangu mbele. Kilichokosekana ni watu wa kuangalia nani hakufikiwa.

Ndivyo ilivyo hata leo katika nyumba nyingi. Mzee ana watoto, ana wajukuu, ana kanisa, na kila mtu anafikiri kwamba mwingine ameangalia. Tena wanamtunza kama walivyomtunza mwaka jana, lakini mwili wake hauko kama mwaka jana. Wakati ule alitembea mpaka shamba. Leo anashika ukuta. Wakati ule alikula mahindi ya kuchoma. Leo meno hayapo. Naye hasemi kitu, kwa sababu anaona haya kuwa mzigo.

CHAGUENI MMOJA

Bwana wetu alipokuwa msalabani alimkabidhi mama yake kwa mwanafunzi mmoja (Yohana 19:26–27). Ninyi pia, kaeni pamoja kama jamaa, mchague mmoja wa kumsimamia mzee. Huyu hatafanya kazi yote peke yake. Atapanga nani anapika, nani anaosha, nani analala karibu, nani anatoa feza ya dawa. Mzee mwenyewe aulizwe anapenda nini, maana yeye si mtoto.

ANGALIENI KILA MWEZI

Kutembea. Je, anajikwaa? Ondoeni mawe na kuni njiani. Mpeni fimbo, na taa na chombo cha kukojolea usiku. Akianguka, na mguu mmoja ukaonekana mfupi na umegeuka nje, pengine mfupa umevunjika penye nyonga. Msiuvute wala msiukande. Mbebeni juu ya machela mpaka hospitali.

Kula na kunywa. Mzee hasikii kiu kama kijana. Mpeni maji mara kwa mara, asingoje kuomba. Chakula kiwe laini: maharagi yaliyopondwa, samaki bila miiba, mayai, uji wenye karanga zilizosagwa, sombe iliyoiva sana. Nguo zikianza kumwia pana, amekonda; mleteni apimwe.

Macho. Mboni ikiwa nyeupe, pengine ni mtoto wa jicho. Ugonjwa huu huondolewa kwa kupasuliwa, na wengi huona tena. Msitie majani wala dawa ya sokoni.

Ngozi. Mzee asiyeweza kujigeuza hupata vidonda penye mifupa: kiunoni, kwenye nyonga, visiginoni. Vidonda hivi huoza mpaka mfupani na vinaweza kuua. Mgeuzeni kila saa 2, na usiku pia msimwache upande mmoja mpaka asubuhi. Mkaushe, mbadilishieni nguo zilizolowa. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri; kwa hiyo guseni kwa mkono. Mahali penye joto au pagumu kuliko pengine, kidonda kinaanza. Msipasugue, msimlaze upande ule.

KUSAHAU SI UCHAWI

Hapa, wandugu, sikieni vema, kwa maana watu wamepoteza uhai kwa ajili ya jambo hili. Koko anasahau majina ya watoto wake. Anatembea usiku, anasema peke yake, anasema wamemwibia. Majirani wananong'ona: "Ni mchawi." Wengine wamefukuzwa, wengine wamepigwa hata kufa. Hii ni dhambi mbele ya Mungu, na ni kosa mbele ya sheria. Tena Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 49, inasema wazee wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee.

Kama kusahau kumekuja polepole kwa miaka, mara nyingi ni ugonjwa wa ubongo. Hakuna dawa ya kuuponya, lakini upole unasaidia sana. Semeni naye polepole, msibishane naye, msibadilishe mahali pa vitu vyake, msimwache peke yake karibu na moto.

Kama akili imechafuka ghafula, kwa siku moja au mbili, hiyo ni habari nyingine. Pengine ni malaria, ugonjwa wa mapafu, ugonjwa wa mkojo, upungufu wa maji, au dawa zinazomdhuru. Mleteni hospitali siku ile ile. Wengi hupona. Mwombeeni njiani, msingoje kumaliza maombi nyumbani.

KAZI YA KANISA

Paulo alimwagiza Timoteo kuandika orodha ya wajane wenye miaka 60 na zaidi. Lakini aliwaagiza watoto na wajukuu kwanza watunze watu wao, ili kanisa lipate kusaidia wale wasio na mtu. Mashemasi, je, ninyi mna orodha? Nani katika kijiji hana mtoto karibu? Someni majina hayo kila mwezi, mwende kwao, mwandike kilichobadilika.

Na kama jamaa wanalipa mtu au nyumba ya wazee, wasidanganywe na maneno matamu. Waulize: Usiku nani yuko? Akishindwa kutembea, mtamtunza bado? Bei itapanda? Tunaweza kumwona siku yoyote? Naye anayepokea wazee aseme kweli juu ya asiyoyaweza. Kupokea feza kwa kazi usiyoiweza ni wizi.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI

1. Nani kati yetu anamsimamia mzee wetu?
2. Ni nini kimebadilika kwake tangu mwezi uliopita?
3. Je, tumemwuliza yeye mwenyewe?
4. Kama mtu akimwita mchawi, nani atasimama mbele yake?